Mto, kisima, bomba au mvua: ujaze bwawa lako la samaki kwa maji yapi Tanga?

Mwaka wa kwanza wa bwawa langu, pembeni ya kijito upande wa Muheza, niliamka alfajiri nikakuta perege wanazunguka juu ya maji kama waliolewa. Samaki aliyekosa hewa namjua: hupanda juu akafumbua mdomo, akatulia. Hawa hawakutulia. Walijipinda, wakalala ubavu, wakashtuka, wakazama. Maji hayakuwa na harufu wala povu, na rangi yake ilikuwa ileile ya kijani niliyoizoea. Kilichonifungua macho ni wadudu. Wale wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya maji walikuwa wamekufa pia, wamekusanyika pembeni kama makapi. Hewa ikipungua bwawani wadudu hao hawafi, kwa sababu wanavuta hewa ya juu. Ilikuwa dawa. Jioni iliyotangulia, huko juu ya kijito, mtu alikuwa ameosha pampu yake baada ya kupulizia michungwa.

Niliokota ndoo tatu. Tangu hapo, kila anayeniuliza juu ya ufugaji wa samaki huanza na vifaranga na chakula, nami humrudisha kwenye maji. Mkoani Tanga wengi wetu tuna njia nne: mto au kijito, kisima, bomba, na mvua ya paa. Hakuna hata moja isiyo na ila. Tofauti ni aina ya ila, wakati inapokuja, na kama wewe, kwa mfuko wako na muda wako, unaweza kuizuia.

Vigezo vya kulinganishia

Kila maji nitayapima kwa mambo yaleyale. Kwanza kilichomo: maji yamebeba nini, na je, kipo siku zote au huja ghafla? Pili madhara: kinamshika samaki wapi, na mlaji kinamfikia? Tatu tiba: unaweza kukiona, na unaweza kukiondoa? Nne wingi na gharama. Mwisho, anayefaa.

Kwa hesabu zote hapa chini, chukua bwawa la kawaida la mita 10 kwa 20 lenye kina cha mita moja. Hilo hubeba lita 200,000. Jua la kiangazi likinyonya milimita 5 kwa siku, bwawa hilo linapoteza lita 1,000 kila siku kwa mvuke peke yake, mbali na zinazopotelea ardhini. Basi swali si la kujaza mara moja tu. Ni la kujazia kila wiki.

Kwanza tumwelewe samaki mwenyewe

Mengi yanayojulikana kuhusu sumu za majini yalijulikana kwa kumtazama trauti, samaki wa mito ya baridi. Trauti wa kahawia alifikishwa Kenya mwaka 1905 kutoka Scotland, akapandikizwa kwenye mito ya milima ya Aberdare. Kwenye mabwawa yetu hawezi kukaa: maji yakifika nyuzi joto 25 maisha yake yako hatarini, na bwawa la huku mchana wa Februari linapita 30. Namtaja kwa sababu viuatilifu vingi hupimwa kwa ndugu yake, trauti wa rangi za upinde wa mvua, kabla kibandiko hakijaandikwa maneno “sumu kwa samaki”. Yeye ndiye anayelia mapema. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, trauti yuko taabani. Perege huvumilia hata miligramu 2 kwa saa kadhaa. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hupanda akagugumia, akarudi chini.

Wengi husikia hivyo wakasema, basi nafuga kambale, maji yoyote yatanifaa. Hapo ndipo napinga kwa nguvu zote. Huko Cornwall, Uingereza, kuna mto Hayle unaopita kwenye migodi ya zamani. Trauti wa kahawia wa mto ule wanaishi na shaba na zinki kwa kiwango ambacho kingeua trauti wa mto mwingine. Samaki kuwa hai si cheti cha maji. Kambale anayedunda kwenye maji machafu anaweza kuwa amejaza minofuni kitu ambacho wewe ndiye utakayekimaliza mezani.

Tena maji ya moto yana deni lake. Maji ya nyuzi 10 yakijaa oksijeni hubeba miligramu 11 kwa lita; ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Samaki wetu wanaanza siku wakiwa na akiba ndogo. Uchafu ambao mto wa baridi ungeumeza, huku unaua.

Kabla ya kwenda mbele, jifunze kusoma mashavu. Mchukue samaki aliyekufa sasa hivi, si wa jana, inua kifuniko cha shavu utazame matamvua. Mekundu ya damu mbichi, tafuta sababu kwingine. Yakiwa na rangi ya kahawa, damu imeingiliwa na naitraiti, sumu itokanayo na uchafu wa bwawa lenyewe. Yakiwa na ute mzito uliokamata matope, ni tope au kitu kilichounguza, kama klorini au shaba. Yakiwa na ukoko wa rangi ya kutu, ni chuma cha kisimani. Haichukui dakika moja, nayo imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote.

Maji ya mto na kijito

Kilichomo. Mto Zigi unatoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, unaingia bwawa la Mabayani ambako jiji la Tanga linapata maji yake ya bomba. Pangani unatoka mbali zaidi, Kilimanjaro na Meru, unapita Korogwe na Hale mpaka baharini. Juu kabisa maji haya ni baridi na matamu. Kila kilomita inayoshuka inaongeza kitu: tope la mashamba ya mteremko wakati wa masika, dawa za michungwa na mbogamboga, maji ya majosho ya ng'ombe, sabuni za wanaofulia, na mkonge.

Mkonge niuseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndio uchumi wetu tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, na sina nia ya kuutukana. Ila kilo 100 za majani zikipita korona, yaani mashine ya kukamulia mkonge, hutoa nyuzi zisizofika kilo 5. Zinazobaki ni maganda na maji ya kijani yenye uchachu na sukari. Yakimwagwa mtoni bila kutulizwa, bakteria hushambulia sukari hiyo na katika kuila hunyonya oksijeni. Samaki hafi kwa sumu ya mkonge; anakosa hewa wakati mto unachacha. Utaijua kwa harufu, ya uji uliolala siku mbili. Yapo mashamba yaliyoanza kugeuza mabaki hayo kuwa gesi, na Hale kulijengwa mtambo wa umeme wa namna hiyo. Ukifuga chini ya korona, uliza mabaki yanakwenda wapi kabla hujachimba.

Lipo na jambo la dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo waliingia milima ya Amani, wakachimbua mpaka kando ya vijito. Popote dhahabu inapokamatwa kwa zebaki, zebaki hiyo huishia kwenye tope la mto, bakteria wakaigeuza kuwa aina inayoingia mwilini, ikapanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo hadi samaki mla samaki.

Madhara. Tope huziba matamvua na kufunika mayai. Kwa trauti, anayetaga kwenye changarawe, tope peke yake linatosha kumaliza kizazi. Perege huatamia mayai mdomoni, huyo anapona kidogo. Shaba, ile ya mrututu unaopuliziwa nyanya na kahawa, huvuruga namna samaki anavyotunza chumvi ya mwili wake, na hatari yake huzidi kwenye maji laini yasiyo na chokaa, kama vijito vinavyotoka Amani. Zebaki haionyeshi dalili yoyote kwa samaki: anang'aa, ananona, analiwa.

Lakini zinazoniumiza roho ni dawa za wadudu za jamii ya sipamethrini. Trauti nusu hufa kwa kiasi kisichofika mikrogramu 1 kwa lita, na perege haachwi mbali sana. Fanya hesabu na mimi. Mikrogramu 1 kwa kila lita ya bwawa letu la lita 200,000 ni gramu 0.2. Dawa yenye gramu 100 za sipamethrini kwa lita, inatosha mililita 2 kufikia hapo. Kijiko cha chai ni mililita 5. Ndiyo maana nasema mwoshaji wa pampu hakuhitaji nia mbaya kunimalizia samaki. Alihitaji tone la kusahau. Na sumu hii ni ya usemi wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Asubuhi ukipeleka maji kupimwa, mto umeshajisafisha, na wewe umebaki na ndoo za samaki waliokufa.

Tiba. Usiruhusu mto uingie bwawani moja kwa moja. Weka koki au lango, na kabla ya bwawa chimba shimo la kutulizia ambamo maji hulala siku mbili au tatu; tope litakaa chini. Dawa za wadudu nazo hupenda kushikamana na tope kuliko kuelea, kwa hiyo shimo hilohilo hupunguza makali, ingawa si kinga kamili. Fungua koki siku za utulivu. Mvua kubwa ya kwanza ya masika na ya vuli usiiguse, ndiyo inayosomba kila kilichomwagwa miezi yote ya kiangazi. Na zungumza na walioko juu yako. Mimi sasa nina makubaliano na majirani watatu: anayepulizia ananipigia simu, nami siku hiyo nafunga. Wakulima wa Kihuhwi na Zigi wana umoja wao wa kuhifadhi mazingira, UWAMAKIZI. Ukiwa bonde hilo, anzia huko.

Wingi na gharama. Maji ni mengi na hushuka yenyewe bila umeme. Ila si ya bure kisheria: kuyachepusha kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Bwawa lichimbwe nje ya hapo, maji yaletwe kwa mfereji au bomba.

Anayefaa. Aliye juu ya mashamba, si chini yake. Mwenye majirani wa kusikilizana. Na mwenye mtu wa kushinda hapo. Mfugaji anayekaa mjini na kuja Jumapili, mto utamliza.

Maji ya kisima

Kilichomo. Kisima kirefu kina sifa moja kubwa: hakibadiliki. Kilichopimwa Januari ndicho cha Agosti, tofauti na mto. Ila maji yanatoka gizani. Hayana oksijeni ya kutosha, yana hewa ya ukaa nyingi, na mara nyingi yana chuma kilichoyeyuka ambacho huwezi kukiona mpaka kikutane na hewa. Ndoo ya maji meupe jioni, asubuhi ina kutu chini. Kuelekea Amboni ardhi ni mawe ya chokaa, hivyo maji ni magumu, na hiyo kwa samaki ni baraka. Lakini eneo hilohilo ndilo lenye chemchemi za salfa za Galanos. Kisima kinachonuka yai bovu kina gesi ya salfa, na kiasi kidogo mno cha gesi hiyo kinamzuia samaki asitumie hewa hata akiwa nayo. Karibu na bahari, adui ni chumvi. Visima vifupi vya kuchimba kwa mkono vina la kwao: vikiwa karibu na vyoo vya shimo hupokea kinachotoka huko.

Madhara. Chuma kikigusana na hewa hugeuka chembe za kutu zikaganda kwenye matamvua, hasa ya vifaranga. Chumvi inategemea samaki. Perege na sato wanavumilia mpaka gramu 10 kwa lita wakizoeshwa polepole, ilhali bahari ina 35. Kambale ana uvumilivu mdogo kuliko huo.

Tiba. Hapa ndipo kisima kinaposhinda wenzake: ila zake nyingi huondoka kwa hewa. Yarushe maji yaanguke juu ya lundo la kokoto au ngazi za mawe, yamwagike kama maporomoko madogo, kisha yatulie tangini siku moja. Oksijeni inaingia, hewa ya ukaa inatoka, kutu inakaa chini, na harufu ndogo ya salfa inapotea. Salfa ikiwa kali ya kukuziba pua, usihangaike, tafuta maji mengine. Chumvi haiondoki kwa njia yoyote utakayoimudu, kwa hiyo badilisha samaki, au changanya na maji ya mvua.

Wingi na gharama. Kuchimba ndiko kunakouma, na pampu inataka umeme au sola kila siku. Lita 1,000 za mvuke kwa siku si mzigo kwa pampu ndogo ya sola. Pima maji kabla ya kujenga bwawa, wala usitosheke na ya jirani. Visima viwili vilivyoachana mita mia vinaweza kuwa na ladha mbili.

Anayefaa. Mwenye mtaji wa mwanzo anayetaka kulala usingizi. Na mzalishaji wa vifaranga. Vifaranga havina subira na maji yanayobadilika.

Maji ya bomba

Kilichomo. Klorini, basi. Bombani hubaki kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita ili wewe usiugue, na hilo ni jambo jema kwako.

Madhara. Kwa samaki, hata miligramu 0.05 inaunguza matamvua. Nimeona mama mmoja, jirani yangu, akibadilisha maji ya tangi la vifaranga 200 kwa mpira wa bomba moja kwa moja. Alikuwa anawapenda, anataka wapate maji safi. Baada ya nusu saa walikuwa wakijikuna kwenye kuta za tangi, baada ya saa mbili wameelea.

Tiba. Rahisi kuliko zote. Jaza tangi lisilo na kifuniko, liache juani siku mbili, ukoroge mara kwa mara. Mwenye haraka atumie sodiamu thayosalfeti, ambayo huua klorini papo hapo. Miligramu 7 zinatosha kwa kila miligramu 1 ya klorini. Kwenye bwawa kubwa la kijani, kujazia sentimita chache juu yake hakuna shida, kwa sababu mwani na uchafu wa bwawa hula klorini kabla haijawafikia samaki.

Wingi na gharama. Uniti moja ni lita 1,000. Kujaza bwawa letu ni uniti 200, na kufidia mvuke ni uniti 30 kila mwezi. Chukua bili yako ya mwisho upige hesabu mwenyewe. Na maji yakikatika siku tano katikati ya kiangazi, samaki hawajui kusubiri.

Anayefaa. Wa mjini mwenye matangi mawili matatu uani, kutoka Chumbageni mpaka Kange. Kwa bwawa zima, liwe la dharura tu.

Maji ya mvua ya paa

Kilichomo. Watu wengi huyaona kuwa ndiyo masafi kuliko yote, na kwa macho ni kweli. Shida yake ni kwamba hayana kitu, na maji yasiyo na kitu hayana ngao. Hayana chokaa ya kushikilia pH, kipimo cha uchachu wa maji, isiyumbe, na yamepita juu ya mabati. Mabati yamepakwa zinki. Mvua laini yenye uchachu kidogo huilamba zinki hiyo, hasa kwenye mabati mapya, na zinki kwenye maji laini ni hatari kwa matamvua kama ilivyo shaba. Paa lililopakwa rangi ya kiwandani lina nafuu. La makuti hutoa maji ya rangi ya chai, yasiyoua ila yanazuia jua kufika chini.

Madhara. Ukitaka kuona maji laini yanavyoweza kumgeukia samaki, tazama kusini mwa Norwe. Katika karne ya 20 mvua yenye tindikali, iliyotokana na moshi wa viwanda vya Ulaya, ilimaliza trauti wa kahawia katika maziwa mengi sana ya huko. Tindikali haikuua peke yake. Iliyeyusha aluminiamu ya udongoni, ikaja kuganda kwenye matamvua. Maziwa yaliyokuwa juu ya mawe yasiyo na chokaa ndiyo yaliyoangamia. Yenye chokaa yalihimili. Baadaye Wanorwe wakaanza kuyamwagia chokaa.

Sisi hatuna mvua ya namna ile, lakini somo la chokaa ni letu.

Tiba. Mvua ya dakika za mwanzo iache ipite chini, imebeba vumbi, kinyesi cha ndege na majani. Kisha weka chokaa. Kwa bwawa la mita za mraba 200, kilo 20 hadi 40 za chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, zilizotandazwa chini kabla ya kujaza, zinatosha kuanzia. Tanga imekalia mawe hayo. Usije ukamwaga chokaa moto, ile iliyochomwa, kwenye bwawa lenye samaki. Hiyo hupandisha pH ghafla na kuwaunguza. Chokaa ya kilimo itafanya na kazi ya pili: kadiri maji yanavyokuwa magumu, ndivyo zinki na shaba zinavyopungua makali.

Wingi na gharama. Mvua ya Tanga ni kama milimita 1,300 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 likikusanya vizuri linakupa lita 100,000 hivi, nusu ya bwawa letu, tena nyingi zinakuja Aprili na Mei ambapo bwawa limejaa tayari. Bila tangi kubwa, Januari na Februari hutakuwa na kitu.

Anayefaa. Mwenye paa kubwa, kama shule, msikiti au ghala. Na yeyote mwenye kisima cha chumvi anayetaka kukipunguza makali.

Sumu usiyoweza kumlaumu jirani

Maji yoyote utakayochagua, moja utalitengeneza mwenyewe. Chakula kisicholiwa na kinyesi cha samaki hutoa amonia. Kwenye maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, sehemu inayoua ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. Yakiwa na pH 8, inafika kama 6.5. Kwenye pH 9, asilimia 40. Bwawa la kijani kibichi sana hupanda mpaka pH 9 kila alasiri kwa sababu mwani umekula hewa ya ukaa yote. Kwa hiyo bwawa linaweza kuwa salama saa moja asubuhi na kuwa sumu saa tisa mchana, bila mtu kumwaga chochote. Samaki wakikataa chakula alasiri, usiwabembeleze. Acha kulisha siku mbili, punguza maji ya chini, ongeza mapya.

Naitraiti, ile ya matamvua ya kahawa, ni hatua inayofuata ya amonia hiyohiyo, na chumvi kidogo ya kawaida huzuia isiingie damuni. Wenye visima vya chumvi hafifu wana kinga hii bila kujua.

Uko upande gani?

Ukiwa vilima vya kuelekea Amani, juu ya mashamba, na maji yanashuka yenyewe, chukua kijito, weka shimo la kutulizia na chokaa. Ukiwa chini kidogo tu, ndani ya michungwa ya Muheza, kijito kitumie miezi isiyopuliziwa, na ukusanye mvua ya paa ya kukuvusha siku za dawa.

Ukiwa Korogwe au Hale, chini ya korona, usitegemee mto hata kama leo hauna harufu. Chimba kisima. Ikishindikana, fuga kambale badala ya perege kwa ajili ya hewa. Kambale atapona kwenye maji yasiyo na oksijeni, hatapona kwenye dawa.

Pongwe, Amboni na kando zake, kisima. Nusa kwanza. Pangani mjini na vijiji vya pwani, pima chumvi. Chini ya gramu 5 kwa lita weka perege bila hofu, kati ya 5 na 10 wazoeshe kwa wiki moja, juu ya hapo changanya na mvua au geukia samaki wa maji chumvi.

Ukiwa mjini na uani pako panatosha matangi tu, bomba linakutosha, mradi uwe na tangi moja la akiba linalokaa wazi juani wakati wote. Usilitumie kwa kufulia.

Ukiwa bonde ambalo dhahabu imewahi kuchimbwa, usile wala usiuze samaki wa maji hayo kabla ya kupeleka minofu maabara. Samaki wakubwa walao wenzao ndio wa kupima kwanza.

Na kama bado unasitasita kati ya maji mawili, usijaze bwawa lolote. Nunua vifaranga 20. Shona vikapu viwili vya wavu wa chandarua ambacho hakijawahi kutiwa dawa, maana cha dawa kitawaua chenyewe. Weka vifaranga kumi mtoni, kumi kwenye pipa la maji ya kisima yaliyotulizwa, ukiwakinga jua kali. Watazame asubuhi na jioni kwa siku nne, na kwa mto urudie baada ya mvua kubwa. Andika saa ya kila anayekufa, na kila anayekufa umwinue shavu kabla hajapauka.